Nani Alikuwa Akitusikiliza Ofisini?

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto watatu, na ninaishi Bagira kwa dada yangu mkubwa ingawa nina nyumba yangu ya ndoa upande wa pili wa mji wetu wa Bukavu. Mtauliza, mama mwenye nyumba yake anatafuta nini kwa dada? Subirini... nitawaeleza yote, kisha mniambie wenyewe mngekuwa mimi mngefanya nini!

Naitwa Furaha. Siku hizi nikiitwa jina hilo naona kama watu wananitania.

Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya chama cha kina mama. Tuliwasaidia wajane wasifukuzwe kwenye mashamba ya waume zao. Tulikuwa watatu tu. Mkuu wetu alikuwa maman Béatrice, mwanamke mkali wa maneno lakini mwepesi wa huruma. Espérance alifuatilia kesi mahakamani. Mimi nilipokea wageni na kupiga barua. Mchana tulikula bugali na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, kwenye sahani moja, tukacheka, tukawasema waume zetu. Nani angedhani kwamba siku moja tutaogopana?

Kesi iliyotuvuruga ilikuwa ya mjane mmoja wa kijiji cha Nyantende aitwaye Nsimire. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitaka kuuza shamba na kumtoa yeye na watoto. Shamba hilo marehemu alilipata kwa kalinzi, yaani alitoa ng'ombe kwa chifu mbele ya mashahidi, kama walivyofanya wazee wetu wa huku Bushi. Mashahidi wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja, mzee Cikuru. Bila mzee huyo kusema, Nsimire angelala nje! Na nyuma ya shemeji kulikuwa na tajiri aliyetaka kununua. Jina lake hatukulijua.

Wakati huohuo mume wangu Pacifique alikuja nyumbani na rallonge mpya, ule waya wa umeme wenye matundu mengi ya kuchomeka. Akasema imetoka kwa parrain wetu, msimamizi wa ndoa yetu, papa Déo. Nilikuwa nimelalamika sebuleni kwake kwamba ofisini umeme ukirudi tunagombania tundu moja la kuchajia simu, naye akanionea huruma. Basi nikaipeleka ofisini. Wenzangu wakapiga makofi! Tukaichomeka kando ya meza ya mikutano na tukamwombea papa Déo baraka.

Hapa kwetu parrain si mtu wa kushika tu mshumaa kanisani siku ya harusi. Ni mzazi. Mkigombana mnakwenda kwake, mkipata mtoto mnakwenda kwake, na anachokupa hukigeuzi-geuzi kutafuta kasoro. Zaidi ya hayo, mume wangu alikuwa dereva wa lori la depo yake ya saruji. Mkate wetu ulitoka kwake.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo.

Tulipanga kwenda Nyantende na mpimaji bila kumwambia mtu yeyote. Tulipofika, migomba michanga ilikuwa imepandwa kwenye mpaka wote, udongo bado mbichi! Shemeji yake Nsimire alikuwa amekaa kwenye kiti na jamaa zake, anatabasamu.

"Karibuni bamama," akasema. "Tulikuwa tunabangojea tangu asubuhi."

Nani aliwaambia?

Tukasema labda mpimaji ana mdomo mrefu. Lakini mara ya pili tulikuwa sisi watatu tu chumbani, tukipanga maswali ya mahakamani. Siku ya kesi, wakili wa upande wa pili akayajibu maswali yetu kabla hatujayauliza! Espérance alirudi akatupa mafaili mezani. Akasema ni kama yule bwana alikuwa amekaa nasi mezani.

Kuanzia hapo ofisi yetu ikageuka mahali pa kunong'ona. Maman Béatrice aliamuru simu zote zizimwe na kuwekwa ndani ya sufuria, sufuria ifunikwe na kuachwa koridoni. Mgeni akikohoa nje tulinyamaza. Mtu akienda chooni, waliobaki walitazama mlango. Nilianza kumchunguza Espérance... mbona ana pagne mpya ya kitenge? Mbona anaongea pembeni akipigiwa? Na yeye, nilimwona, alikuwa akinichunguza mimi.

Nilikwenda kulia kwa parrain. Ningekwenda wapi kwingine? Papa Déo alinipa soda, akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Usilie, mutoto wangu," akaniambia. "Angalia muzuri ule Espérance. Ule mwanamuke iko na macho mingi. Na weye ukae kimya, usibishane na bakubwa."

Nilimshukuru! Nilitoka pale nimemchukia Espérance kabisa. Kesho yake nilikula peke yangu.

Maman Béatrice hakuwa mjinga. Alimwita fundi mmoja wa umeme anayejua vyombo vya kusikilizia watu kwa siri. Fundi akasema atakuja umeme ukikatika, maana wakati huo kompyuta zimelala na hatutakuwa na kazi ya kukatiza. Tukaona ni sawa. Katika mji wetu kila mtu anapanga hivyo, shughuli ya usumbufu inangojea umeme ukatike.

Akaja mchana, umeme ukiwa umekatika. Alipitisha kifaa chake ukutani, kwenye saa, nyuma ya picha ya Bikira Maria, darini, chini ya meza. Akafungua hata swichi za taa. Hakupata kitu.

"Hapa hakuna kitu, maman," akasema. "Hapa kuko midomo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Kama si chombo, basi ni mtu. Na sisi tulikuwa watatu.

Mzee Cikuru tulikuwa tumemficha kijijini Katana kwa jamaa zake hadi siku ya ushahidi. Tuliitaja nyumba hiyo mara moja tu, kwenye meza yetu, simu zikiwa kwenye sufuria. Siku chache baadaye watu asiowajua walimfuata pale pale. Hawakumpiga. Walikaa naye tu barazani, wakamtajia wajukuu wake wote kwa majina na shule wanazosoma... Mzee alitutumia ujumbe kwamba yeye hajui shamba, hajui ng'ombe, hajui chochote.

Nsimire alipoambiwa, alikaa sakafuni ofisini kwetu na mtoto mgongoni. Hakulia. Aliuliza tu ni nani kati yetu aliyemuuza. Jamani, hamjui uzito wa swali lile!

Maman Béatrice aliniita pembeni. Alisema hanishtaki, lakini barua zote zinapita mikononi mwangu, hivyo nipumzike kwenye mikutano kwanza. Nilielewa. Nilikuwa nimeshahukumiwa! Nilipopita koridoni Espérance alisogeza mkoba wake.

Siku moja wenzangu walikwenda mahakamani, nikabaki peke yangu kulinda ofisi. Simu yangu ilikuwa koridoni ndani ya sufuria kama kawaida. Umeme haukuwepo. Nilikuwa na redio ndogo ya betri, nikaiweka mezani inisindikize. Umeme uliporudi, punde tu redio ikaanza kukwaruza... trrr, trrr, trrr! Mnaijua sauti hiyo. Ni ile redio inayotoa simu ikiwa karibu kuita.

Simu gani? Chumbani hamkuwa na simu!

Nilisimama na redio mkononi. Nikiisogeza dirishani, kelele inapungua. Nikiisogeza kwenye kona ya meza, inazidi. Niliinama hadi chini, na pale kwenye rallonge ya parrain redio ikapiga kelele kuliko kwingine kote.

Nilichomoa rallonge. Kimya. Nikaichomeka tena, nikangoja... trrr, trrr!

Nilichukua kisu cha jikoni nikafungua skrubu. Ndani, kando ya nyaya, kulikuwa na kadi ya simu na kitu cheusi chenye kitundu kidogo. Ndipo nikaelewa kwa nini fundi hakuona kitu. Chombo kile kilikula umeme wa ukutani. Umeme ukikatika nacho kinakufa, hakitoi mawimbi ya kunaswa na kifaa cha fundi, na sisi tulikitafuta kikiwa kimekufa! Nikakumbuka pia kwamba mipango michache tuliyoifanya bila umeme haikuvuja hata mmoja.

Nani alileta rallonge? Mimi. Nani alipigiwa makofi? Mimi! Nikisema, nitakuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Nikiitupa shimoni chooni, hakuna atakayejua kamwe, na siri zitaacha kuvuja. Nilifika hadi mlango wa choo, nawaambia ukweli. Kilichonirudisha ni lile swali la Nsimire. Mzee Cikuru asingefungua kinywa mpaka ajue nani alimuuza, na mimi ndiye pekee niliyekuwa na jibu mkononi.

Maman Béatrice aliporudi nilimvuta nje hadi uani, nikamwonyesha. Nilingoja matusi. Aliigeuza mikononi, kisha akanitazama mimi.

"Kama njo weye mwenye kuuza, haungeniletea," akasema. "Irudishe pale ilikuwa. Tutaona nani iko anasikiliza."

Tukamweleza Espérance naye palepale uani, tukaifunga, tukaichomeka. Tulikaa mezani wote watatu, umeme ukiwepo, tukaongea kwa sauti ya kawaida kwamba mzee Cikuru amebadili mawazo, na kwamba kesho asubuhi atashuka kwenye kituo cha mabasi madogo Bagira, peke yake, na kofia nyekundu. Nilikuwa naongea na mtu nisiyemwona!

Asubuhi tulijibanza dukani ng'ambo ya kituo. Niliomba Mungu asije mtu. Niliomba isiwe kweli, iwe parrain naye aliuziwa kitu kibovu bila kujua.

Jeep yake ikaja. Papa Déo mwenyewe alikuwa kwenye usukani na shati lake jeupe la kanisani, na pembeni yake shemeji wa Nsimire. Walikaa wakichungulia kila basi linalosimama. Tajiri wa shamba la Nyantende alikuwa yeye! Mtu aliyenifuta machozi kwa kitambaa chake!

Espérance alinishika mkono pale dukani. Nilishindwa kumtazama usoni.

Mzee Cikuru alipoelezwa yote alikasirika kuliko alivyoogopa. Wajukuu walihamishwa kwa shangazi yao, naye akaja mahakamani na fimbo yake, akataja rangi ya ng'ombe, akataja waliokunywa pombe siku ile ng'ombe alipotolewa. Nsimire analima shamba lake mpaka leo. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Lakini mimi?

Siku ile ya kituo nilirudi nyumbani nikamweleza Pacifique, kabla hata sijavua kitenge. Nilimwambia parrain alitutumia, alitufanya wajinga, alitia chombo cha kusikiliza ndani ya zawadi. Nilingoja ashtuke. Nilingoja aulize chombo gani, ndani ya zawadi gani. Mume wangu, baba wa watoto wangu, aliweka kijiko chini, akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani mwengine aliiona?"

Wasomaji... Alijua! Aliibeba akijua, akanikabidhi akijua, na jioni zote nilizolia kwamba nashukiwa kazini alikuwa akinibembeleza akijua! Alijitetea kwamba angefukuzwa kazi, kwamba ni mambo ya mashamba tu, hakuna aliyeumia. Nilifunga nguo za watoto nikaja Bagira.

Mnadhani nilipewa pole? Ukoo wake ulikuja, na baba yangu mzazi akaja nao. Wakasema ugomvi wa mke na mume haupelekwi kwa dada wala kwa padri kabla haujapita kwa parrain. Ndiyo desturi. Wakapanga Jumapili baada ya misa tukakae sebuleni kwa papa Déo atupatanishe! Niliwauliza, na kesi ya parrain mwenyewe inapelekwa kwa nani? Baba yangu alisema nimekuwa na kichwa kigumu, na tangu siku hiyo hanipigii simu.

Nanyi mnaosoma, nawaomba sana. Kama kazi yenu ni kushika siri za wanyonge, msiingize chumbani kitu chochote kwa sababu tu ya jina la aliyekitoa. Kitazameni ndani, hata kama kimetoka kwa padri, kwa mkwe, kwa mume! Mkitafuta vyombo vya siri, tafuteni umeme ukiwepo. Na tafadhali, msimweke binadamu yeyote juu kiasi kwamba hapabaki mtu wa kumshtakia. Sisi tuliweka, na sasa sina pa kwenda kusema.

Juzi Pacifique alinitumia ujumbe. Aliandika kwamba nirudi nyumbani bila hofu, parrain amenisamehe.