Upupu wa Boma la Itumbo

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na kila mtemi wa bara akijizungushia boma la magogo, Mtemi Shigela wa Ubulima aliuzingira mji wa Itumbo. Ruga-ruga, wapiganaji wake wa kukodi, vifua wazi, masombo mekundu viunoni na magobore mikononi, walifunga njia zote. Mshale wa moto ukaangukia ghala la mtama, na akiba yote ikateketea.

Mtunza ghala alikuwa Kalunde, dada wa Mtemi Mabala wa Itumbo. Wenzake walipokuwa wakililia mtama, yeye alikitazama kilima cha mawe kilichokuwa ndani ya boma, kilichofunikwa na upupu wa mwituni. Watu wa Itumbo waliuogopa upupu wote, kwa kuwa vinyweleo vya maganda yake humwasha mtu mpaka akajichuna ngozi. Kalunde hakuliamini neno “wote”. Alijipaka mafuta ya nyonyo mikononi, akapanda kwenda kutazama.

Akakuta aina mbili. Ya kwanza ilivaa vinyweleo virefu vya rangi ya dhahabu, vilivyosimama na kupeperuka kwa kuguswa tu. Ya pili ilikuwa na vinyweleo vifupi vilivyolala kama manyoya ya ndama, na hata alipovisugua shavuni havikumwasha. Hii aliiita upupu mpole. Mashina yake mengine yalizaa mbegu nyeupe, mengine nyeusi. Lakini alipoyaweka pamoja, jani, ua na ganda havikutofautiana. Akahukumu kuwa nyeupe na nyeusi ni aina moja.

Alizichemsha mbegu za rangi zote mbili, na zote zilitoa maji meusi. Alipoonja nyeupe baada ya maji ya kwanza, alitapika. Alipoyamwaga na kubadilisha mpaka yakatoka safi, alikula akashiba, wala hakudhurika.

Akalipeleka jambo barazani.

“Bibi wa ghala, leo unatupikia kuwashwa?” alitania Mihayo, mkuu wa vita. “Shigela atakufa kwa kucheka kabla hatujamchoma mkuki.”

“Ule mkali hauliwi, Mihayo. Ninasema huu mpole.”

Mtemi Mabala alizichukua mbegu, akazitenga kwa rangi. Itumbo kila kitu cheupe, unga, kondoo na shanga, kilikuwa cha mizimu, na cha mizimu hakikudhaniwa kuwa na sumu. Isitoshe, chemchemi ya boma ilikuwa ikidondoka tu, na maji hayakutosha kuosha zote.

“Nyeusi zioshwe kama usemavyo, wapewe wanaolinda ukuta wa nyuma,” alisema. “Nyeupe zichemshwe mara moja, ziende kwa walinzi wa lango. Nami nitakula nao. Cheupe hakina cha kuoshwa.”

Kalunde alisogeza chungu mbele yake. “Mtemi, maji haya yametoka kwenye nyeupe.”

“Ni masizi.”

“Chungu ni kipya.”

“Basi ni moshi wa kuni zako!” alidakia Mihayo, na baraza likacheka.

“Nilizila hivyo nikatapika.”

“Ulizila na shaka, dada yangu,” alisema Mabala kwa upole. “Mizimu huiona shaka.”

Kalunde aliona kwamba kubishana zaidi ni kupoteza mchana. “Nipe basi ule mkali.”

“Chukua. Nani atakunyang’anya?”

Akawakusanya wanawake, wakajipaka mafuta, wakakwangua vinyweleo vya upupu mkali na kuvihifadhi kwenye vibuyu vilivyozibwa. Wakati huohuo walinzi wa lango walikuwa wakila mbegu nyeupe kwa furaha.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, ruga-ruga walilijia lango na gogo la kubomolea. Juu ya jukwaa la lango walinzi walikuwa wamelala, wakitapika, mioyo ikiwaenda mbio. Mihayo alijishikilia kwenye nguzo.

“Dada Kalunde,” alisema kwa shida, “namwona Shigela mmoja, au wako wengi?”

“Keti, usije ukaanguka nje.”

Upepo ulikuwa ukishuka kutoka kilimani kuelekea kwa adui. Wanawake walipanda na nyungo zao, wakamimina vinyweleo, wakaanza kupepeta. Vumbi la dhahabu likawashukia watu waliotota jasho. Gogo lilidondoka, kisha magobore. Wengine waligaagaa mchangani, wengine walijikuna macho wakazidi kuyaumiza. Ndipo walinzi wa ukuta wa nyuma, waliokula nyeusi na kuamka wazima, wakafungua lango na kuwafukuza hadi ng’ambo ya mto.

Jioni Mabala, amelala kwenye ngozi ya ng’ombe, alimwita dada yake.

“Nikisema cheupe kilituangusha, kesho hakuna atakayeniheshimu wala kuiheshimu mizimu.”

“Usiseme. Waimbaji waambie nyeupe ziliokoa mji.”

“Nawe unataka nini?”

“Amri. Nyeupe kwa nyeusi, maji yamwagwe mpaka yatoke safi.”

“Itatangazwa kesho,” alisema Mabala.

Wimbo uliosalia Itumbo unazisifu mbegu nyeupe, na jina la Kalunde halimo. Wapishi huuimba wakiwa jikoni. Wakifika katikati hunyamaza, wakamwaga maji meusi, wakajaza mengine, kisha wakaendelea.