Alama Tatu za Uongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Karani alimpa mama yake vidonge viwili na glasi ya maji, kisha akatia alama ya vema kwenye kadi ya hospitali. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, fundi cherehani asiye na subira na karatasi. Msichana wa miaka kumi na miwili akijua kutunza kadi, yeye ahangaike nayo ya nini? Kichwa chake kilikuwa na mzigo wa kutosha. Mshipa mmoja wa damu kwenye ubongo ulikuwa umevimba, na ungeweza kupasuka siku yoyote.

Daktari bingwa, aliyefika hospitalini hapo mara mbili tu kwa mwaka, alikuwa amewaeleza njia mbili.

"Ya kwanza, tunaweka kineti, yaani kibomba cha wavu wa chuma, ndani ya mshipa, halafu tunaujaza ule uvimbe nyuzi laini za chuma. Uvimbe unaziba mapema, ila pengine hufunguka tena. Ya pili ni kineti peke yake, chenye matundu madogo zaidi. Damu inaupita uvimbe, nao unaziba polepole, kwa miezi. Hapo vidonge viwili utavinywa muda mrefu zaidi."

"Na ipi haina vidonge?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama. Bila vidonge damu itaganda kwenye kineti, na utapooza. Utaanza kuvinywa siku saba kabla."

Mama alichagua ya pili. Siku ya tano ya vidonge, tumbo likamwaka moto.

"Leo sinywi. Wewe tia alama tu."

"Lakini mama, daktari alisema..."

"Tumbo linakuuma wewe? Tia!"

Karani akatia. Kesho yake akatia tena, na kesho kutwa vilevile.

Asubuhi ya matibabu nesi aliipokea kadi akatabasamu. "Safi sana. Kwa hiyo hakuruka hata siku moja?"

Mama, akiwa tayari ndani ya gauni la hospitali, alimkata binti yake jicho. Karani alijua akisema, nafasi itapotea kwa nusu mwaka, na mshipa huenda usingoje. Asiposema, mama anaweza kutoka humo ndani amepooza.

"Aliruka siku tatu," alisema. "Alama za mwisho nimetia za uongo."

Matibabu yaliahirishwa. Vipimo vilionyesha tumbo lina kidonda, na ratiba ya bingwa ilikuwa imejaa.

Nje ya wodi mama mdogo, aliyekuwa amewasindikiza, alimjia juu. "Kiherehere chako hicho! Likitokea la kutokea, utajibu wewe!"

Mama hakumtetea. Kwa miezi sita alimsemesha kwa shida, tena kwa mkato. Kila aliposhika kichwa, Karani aliacha alichokuwa akifanya na kumkodolea macho. Alijuta kusema kweli, na si mara moja.

Kidonda kilipona. Bingwa aliporudi alibadili uamuzi. "Kwa tumbo hili tutumie njia ya kwanza, vidonge viwili visichukue muda mrefu." Safari hii mama alivinywa vyote, na matibabu yakaenda vizuri.

Siku ya pili alimwita Karani kitandani.

"Siku ile nilikuchukia, mwanangu. Niliona umeniuza. Daktari ananiambia ningeingia vile, huenda leo ningekuwa nimepooza upande mmoja, nawe ungejilaumu mpaka uzeeni. Uongo ulikuwa wangu, nikakubebesha wewe. Mtu mzima akikupa uongo umbebee, kataa hapo hapo, hata nikiwa mimi."

Karani alikuwa ameyasubiri maneno hayo nusu mwaka mzima. Yalipofika, hayakumfurahisha. Aliinamisha uso kwenye shuka akalia kwa hasira ya miezi hiyo sita, na mama hakumnyamazisha.