Nambari Ishirini na Mbili

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua viatu, mama huniuliza rangi. Hushika uzi wa mkonge aliousokota pajani mchana kutwa, akaniinulia, nami nikamwambia, "Huu ni wa kahawia. Huu ni zambarau. Huu haujashika rangi vizuri." Kisha huzipanga nyuzi zake kwenye beseni jinsi anavyojua mwenyewe, na kuendelea kusuka kikapu chake cha kiondo.

Mama yangu anaitwa Nduku, na mimi ni Mutindi, mtoto wake wa pekee. Tunakaa Kwa Vonza, nyuma kidogo ya maduka. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi ugonjwa wa macho ulipomwondolea uwezo wa kuona, jicho moja kwanza, kisha la pili. Baba ni mpishi katika hoteli ya madereva wa malori kule Mtito Andei na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hivyo siku nyingine zote mimi ndiye macho ya nyumba. Namsomea mama Biblia, karatasi za dawa na jumbe za simu. Kazi hiyo niliifanya kwa maringo kidogo, nasema ukweli. Niliona hakuna mtoto mwingine Kwa Vonza anayeaminiwa kama mimi.

Mwaka jana, nikiwa Gredi ya Sita, mama aliingizwa katika kundi la WhatsApp la watu aliosoma nao chuo cha ualimu. Walikuwa hawajaonana kwa karibu miaka ishirini. Aliyelianzisha kundi ni Bwana Musyimi, aliyekuwa kiranja wa darasa lao, na alikuja na mtindo wake. Alikuwa ameihifadhi rejista ya zamani. Kila jioni aliita nambari tatu au nne kutoka humo, na mwenye nambari alitakiwa kuitika kwa kueleza yuko wapi, anafanya kazi gani na ana watoto wangapi. Jumbe za sauti alizikataza, eti zinamaliza bando.

Mama alifurahi mpaka akaacha kusuka. "Soma, soma! Nani mwingine ameitika?"

Nilisoma. Musyimi mwenyewe ni afisa wa elimu. Sabrin, aliyerudi kwao kaskazini, ana shule yake mwenyewe, na alituma picha ya basi la manjano. Mwingine anafundisha ng'ambo. Kila mtu alikuwa na nyumba, gari, watoto waliovaa kofia za kuhitimu. Mama alicheka na kupiga makofi kwa kila mmoja wao. Mimi nilizidi kunyong'onyea. Niliitazama kanga yake yenye vumbi la mkonge, nikawaza siku tutakayoitwa sisi.

"Kalunde je?" mama aliuliza kila siku. "Kalunde ni nambari ishirini na mbili. Mimi ni ishirini na moja. Tulilala kitanda kimoja cha deka, yeye juu mimi chini. Nikikosa sabuni, yake ilikuwa yangu."

Jioni ya nambari ishirini na moja ilifika. Mama alikaa wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu, akaniambia niandike: "Mimi ni Nduku. Niko Kwa Vonza. Macho yangu yaliharibika nikaacha kufundisha. Siku hizi nasuka vyondo. Nina mume mzuri na binti mmoja anayenisaidia sana. Namshukuru Mungu. Ningependa sana kuwaona."

Vidole vyangu vilikataa. Niliona watu wote wale wakisoma na kumhurumia, na ile huruma ikaniuma kabla hata haijafika. Basi niliandika: "Mimi ni Nduku. Niko Kwa Vonza. Mimi ni mwalimu mkuu. Tuna nyumba ya mawe na watoto watatu. Namshukuru Mungu."

"Umetuma?" mama aliuliza.

"Nimetuma."

"Asante, mwanangu."

Pongezi zilimiminika. Mama alipouliza wamesema nini, nilimwambia wanamtakia baraka. Haukuwa uongo mtupu, nilijiambia. Dakika chache baadaye nambari ishirini na mbili aliitika pia. Kalunde aliandika kwamba anafundisha sekondari huko Makueni na mambo yake ni shwari. Nilimsomea mama, akafurahi kuliko siku zote.

Wiki iliyofuata Kalunde alimwandikia mama peke yake, nje ya kundi. Niliufungua ujumbe huo nikiwa nimesimama jikoni. Naukumbuka wote:

"Nduku dada yangu. Wewe ndiye ninayeweza kumwambia. Nilipoitwa kwenye kundi nilikuwa nimeandika ukweli, lakini niliposoma kwamba wewe ni mwalimu mkuu, nikaona haya nikaufuta. Mimi sijawahi kuajiriwa. Nauza ndengu soko la Mukuyuni, na sasa hata hiyo nimeacha. Nina saratani ya koo, sauti imeisha, ndiyo maana sikupigii. Niko kwa mdogo wangu Wayua hapa Mukuyuni. Daktari hasemi mengi. Tafadhali njoo nikuone, hata siku moja tu."

"Nani huyo?" mama aliita kutoka nje.

Nilijua la kufanya. Hata mtoto wa chekechea angejua. Lakini mama akienda Mukuyuni na fimbo yake nyeupe, Kalunde angeona, na kundi zima lingejua kwamba kuna mtu alidanganya, na mtu huyo ni mimi. Nilijiogopea mwenyewe.

"Ni Kalunde," nilijibu. "Anakusalimia."

"Hivyo tu? Kalunde nimjuaye mimi akianza kuandika hamalizi. Haya, mpigie nimsikie."

"Simu yake haiingii, mama."

"Basi mwandikie kwamba nampenda. Mwambie tutafute siku tuonane."

Niliandika: "Mwalimu mkuu ana mikutano mingi wiki hizi. Atakutafuta shule zikifungwa."

Siku zilipita. Kalunde hakuandika tena, nami nikajidanganya kwamba labda amepata nafuu. Wiki ya nne, Jumanne baada ya shule, Bwana Musyimi aliandika katika kundi: "Nambari ishirini na mbili hataitika tena. Mwenzetu Kalunde ametuacha jana baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mazishi ni Ijumaa, Mukuyuni."

Mama alikuwa anafunga ukingo wa kiondo. "Wanasema nini leo?"

Nilisoma. Sijui kwa nini siku hiyo nilisoma kila neno. Nadhani sikuwa na uongo uliotosha kufunika kifo.

Mama hakupiga ukemi. Alikiweka kiondo chini, akapapasa mpaka akashika ukuta. "Kuugua kwa muda mrefu? Lakini aliniandikia. Si ulisema alinisalimia?"

Nilianza kulia, na katika kulia huko nikasema yote, mwalimu mkuu, nyumba ya mawe, na wale watoto watatu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nisomee alivyoandika."

Nilimsomea.

"Tena."

Nilisoma tena, na mara ya tatu. Nilipofika "hata siku moja tu" alifunika uso kwa mikono yake iliyochubuliwa na mkonge. "Na wewe ulimjibu nini?" aliuliza.

Nilitamani anichape nisiulizwe hilo. Nilimsomea jibu langu. Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, sauti ndogo, na akaniomba nimwache peke yake. Chakula cha jioni hatukula.

Ijumaa tulifika Mukuyuni mapema. Baba alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Mtito Andei ili atusindikize. Watu walikuwa wengi, kwaya ya kanisa inaimba, na wasifu wa marehemu ulisomwa kwa kipaza sauti. Ulisema wazi kwamba Kalunde alihitimu ualimu, hakupata ajira, akauza ndengu sokoni na kuwafundisha watoto wa wachuuzi kusoma bila malipo. Wale wenzake wa chuo waliokuwa wamevaa suti waliinamisha vichwa.

Baada ya maziko Bwana Musyimi alitusogelea. Alikuwa mtu mnene mwenye kitambaa cha kupangusa jasho. "Nduku? Ni wewe? Lakini… fimbo hii, Mwalimu Mkuu?"

"Mimi si mwalimu mkuu, Musyimi," mama alisema. "Nilipofuka. Nasuka vyondo. Ulichosoma kiliandikwa na binti yangu."

Hakunitukana wala hakunitetea. Bwana Musyimi alinitazama. Halafu akamshika mama mkono akasema polepole, "Hata mimi kuna mambo sikuandika."

Lakini niliyemwogopa ni Anti Wayua, mdogo wake Kalunde. Alikuwa akigawa chai, macho yamevimba. Mama alinisukuma mbele. "Mwambie wewe mwenyewe."

Nilimwambia. Anti Wayua alisimama na birika mkononi mpaka nilipomaliza.

"Sauti yake ilikuwa imekwisha," alisema hatimaye. "Alikuwa na daftari la kuandikia. Kila asubuhi ananionyesha, 'Nduku amefika?' Kila asubuhi. Mimi nikakasirika, nikasema huyo amekuwa mkubwa, ametusahau. Akaandika, 'Usimlaumu. Mwalimu mkuu hana nafasi.'" Alimtazama mama, akanitazama mimi. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Alikaza leso kiunoni na kwenda kuwagawia wengine chai. Hakuturudia tena.

Tangu siku ile mama hakunipa simu. Jumbe zake zilisomwa na Mama Kiema, jirani yetu, ambaye husoma kwa sauti kubwa huku akiongeza maoni yake. Mimi nilikuwa naosha vyombo nikisikiliza. Rangi za nyuzi bado aliniuliza, na chakula tulikula pamoja, lakini simu ililala mfukoni mwake. Nilijua sababu. Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa mpole.

Mwezi mmoja na nusu ulipita hivyo. Jumamosi moja Mama Kiema alikuwa ameenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Simu ililia mfukoni mwa mama. Aliitoa, akaishika kwa muda mrefu. Niliendelea kupepeta maharagwe nikijifanya sijaona.

"Mutindi," aliita. "Njoo unisomee."

Nilipangusa mikono. Ujumbe ulikuwa wa Anti Wayua. Mama alikuwa amemwandikia mara tatu kuomba msamaha, kupitia kwa Mama Kiema, na hakuwa amejibiwa hata mara moja. Niliusoma kwanza kimya. Nilijua ungemwumiza. Uongo mdogo ulinijia hapo hapo, tayari umepikwa: anakusalimia. Ningeweza kuusema, na mama angelala vizuri.

Nilivuta pumzi nikasoma kwa sauti: "Nduku. Nimepata jumbe zako. Najua si wewe uliyeandika, lakini dada yangu alikufa akikungoja, na kila nikisikia jina lako namwona na lile daftari. Nimejaribu kusamehe, bado sijaweza. Usiniandikie kwanza. Nikiweza nitakutafuta mwenyewe."

"Kuna neno umeacha?"

"Hakuna, mama."

Machozi yalimtiririka asiyapanguse. Nilisimama pale nimeshika simu, nikiwa na hakika nimeharibu tena.

"Keti," alisema. Niliketi kwenye mkeka. "Ule ujumbe wa Kalunde uliona utaniumiza?"

"Niliona nitashikwa, mama. Na kabla ya hapo… nilikuonea haya."

"Nilijua. Mimi sikuwahi kuonea haya maisha yangu, Mutindi. Nilipopofuka nililia, nikamaliza, nikatafuta mkonge. Wewe ndiye uliyaona ni madogo ukayafunika kwa maisha ya mtu ambaye hayuko. Na Kalunde akayaonea haya ya kwake kwa sababu ya huyo mtu ambaye hayuko. Sikiliza. Ukiniambia ukweli mbaya, nitalia kama hivi, kisha nitajua la kufanya. Leo najua Wayua hataki kuandikiwa, basi nitamwacha apumue. Lakini ule uongo wako mtamu uliniacha hapa nikisuka na kucheka, na rafiki yangu anauliza kama nimefika. Usinichagulie tena nijue nini. Wala usimfanyie hivyo mtu mwingine yeyote. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sitakuambia yameisha. Kalunde harudi. Mimi na wewe tutaishi na hilo."

Nililia kwa sauti, na mama akaniacha nilie mpaka nikatosheka. Nilipotulia nilimnyooshea simu. Aliipapasa, akaisukuma tena kwangu.

"Kaa nayo," alisema. "Mama Kiema akija mwambie apumzike. Sasa nisomee tena alivyosema Wayua, polepole."