Elieshi na Neno la Kupinga

Elieshi alipanda mchicha nyuma ya jengo lao la ghorofa, Lewisham, London. Akitoka kazini hospitali, alichuma, akapika, akawagawia majirani. Sasa wenye jengo walitaka pale pawe pa kuegesha magari.

Mkutano ukaitishwa. Afisa wao akauliza kwa Kiingereza nani anapinga. Elieshi akasimama.

"I OB-ject!"

"Kitu? Kitu gani, mama?" afisa akauliza, akichungulia chini ya viti. Watu wakacheka. Kabla Elieshi hajajieleza, mkutano ukahamia habari ya lifti mbovu. Uamuzi ungetolewa wiki iliyofuata.

Alirudi nyumbani amefura.

"Mum, just leave it," bintiye Haika akamwambia.

"Niache mchicha wangu? Thubutu!"

Akaenda kwa jirani yake Njeri, Mkenya anayefundisha watu wazima Kiingereza.

"Mama Haika, neno hukukosea," Njeri akasema. "Umekosea mkazo. Kiingereza kina maneno yanayotaja kitu na pia kutaja tendo. OB-ject ni kitu. Ob-JECT ni kupinga."

"Ebo! Wameishiwa maneno?"

"Na sisi je? Tamka barabara ya magari. Kisha mwambie mtu amefanya kazi barabara."

Elieshi akatamka yote mawili. Akacheka bila kupenda.

"Lakini si yote yanayobadilika sauti," Njeri akaendelea. "'Water' ni maji, tena ni kumwagilia. Hapo sikiliza neno la mbele yake. 'The water' ni maji. 'I water' ni namwagilia."

Wiki nzima Elieshi alifanya mazoezi. Alipinga akiosha vyombo. Alipinga ndani ya basi, mpaka abiria wa mbele akageuka kumtazama. Atazame tu!

Siku ya mkutano afisa alimwona akisimama, akatabasamu. "Mama ana kitu tena?"

"I ob-JECT!"

Elieshi akaendelea kwa Kiingereza chake chenye lafudhi ya kwao Machame, Kilimanjaro, hana haya hata kidogo. "Napinga! Udongo ule naumwagilia mimi, na hawa wote wanakula. Mngeuliza kwanza!"

Mzee Chandrakant wa ghorofa ya chini akainuka. "Na mimi napinga." Wakainuka wengine, mmoja mmoja, hata wale waliocheka. Mpango ukafutwa palepale.

Afisa akakusanya makaratasi yake. Elieshi akamfuata hadi mlangoni.

"Karibu mchicha siku moja," akamwambia. "Ila uje kwa miguu."