Mnara Wangu wa Nyumbani Ulimzibia Mke Wangu Njia

Nina miaka thelathini na nne, fundi simu na dalali wa kaa hapa Kiongoroni, kijiji cha mikokoni kinachofikiwa kwa boti. Ndugu wasomaji, mimi si mtu wa kuibiwa kirahisi. Kaa nawahesabu wakiingia kwenye tenga, nawahesabu tena wakitoka... Lakini hesabu iliyonimaliza sikuipiga hata mara moja!

Kwetu mtandao unakamata sehemu moja tu, kwenye gogo la mkoko kule ufukweni. Unasimama pale, unanyoosha mkono, unasubiri. Nikachoka. Kwa video za mtandaoni nikajifunza kuunda mnara mdogo: kisanduku cha redio kinachoendeshwa na kompyuta, antena juu ya nguzo, sola na betri. Kibali? Sikuomba. Niliona ni majaribio tu...

Na ukafanya kazi! Simu za kitochi za kijiji kizima zikajaa mtandao, watu wakapigiana bure. Jirani yangu Shamte akaniuliza, "Fundi, nikimpigia mke wangu jikoni silipi kitu?"

"Hulipi."

"Basi weka malipo, ndugu yangu! Huyu ataniita siku nzima."

Mke wangu Zuhura, mwenye mimba ya miezi minane, mimba yetu ya kwanza, akawa ananiita Bwana Kampuni. "Bwana Kampuni, maji ya kunywa yameisha."

Jambo moja nililijua mimi tu. Mnara wangu haukuunganishwa na nje. Simu ikishikwa na mawimbi yangu, inauacha ule mtandao dhaifu wa kweli, hata ukisimama kwenye gogo. Ndiyo maana nilikuwa nauwasha kidogo, kisha nazima.

Asubuhi moja maji yalikuwa yamejaa, nikawahi boti ya Nyamisati niende Kibiti kuuza kaa. Mnara nikauacha unawaka, watu waendelee kunisifu. Chumba cha mitambo yake nikakitia kufuli, funguo mfukoni. Nani angegusa mali yangu? Mjanja mimi!

Adhuhuri nikampigia Zuhura. Hapatikani. Nikatabasamu... Nikajua yuko kwenye mnara wangu, anapiga soga na wenzake. Nikarudi kubishana bei.

Kumbe Zuhura alikuwa anatoka damu!

Mama mkwe, aliyekuja kumhudumia Zuhura, alimpigia nesi wa kituo cha afya cha ng'ambo, mwenye boti ya wagonjwa. Hapatikani. Wakanipigia mimi. Sipatikani. Shamte akakimbia hadi kwenye gogo: simu imejaa mtandao, nje haitoki. Wao kwa wao walisikizana vizuri kabisa, basi wakaamini nesi kazima simu, na mimi nimezima yangu. Wakapiga, wakangoja, wakapiga tena... Na muda wote huo maji yanakupwa!

Shamte alipoushuku mnara, akavunja kufuli na kuuzima, nesi akapatikana mara moja pale kwenye gogo. Lakini mkondo wetu ulikuwa umebaki tope. Boti ipite wapi? Walimbeba Zuhura juu ya kitanda, tope magotini, mpaka penye maji.

Zuhura alipona. Mwanangu wa kiume hakulia hata mara moja.

Nilipofika kituoni nilitaka kumweleza Zuhura habari za masafa, antena, sijui nini... Alinikatiza.

"Nilikupigia mpaka betri ikaisha," alisema.



Sasa yuko kwao Mohoro. Mnara nimeubomoa, nimejipeleka mwenyewe kwa wahusika wa mawasiliano, na adhabu watakayonipa naipokea. Nikienda kwao, mama mkwe ananikaribisha barazani na kunipa maji ya kunywa. Mke hanipi. Mimi niliyezoea kuvuta bei mpaka mtu akubali, hapo nitaanzia wapi? Nina nini cha kuongeza?

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mafundi wapenda kujaribu, nawaomba... Kabla hujawasha kitu kinachoshika simu za watu, jiulize: mwenye shida akipiga, nani atapokea? Na kama tayari unacho chumbani kwako, weka chini unachokisoma. Nenda ukakizime!