Jalada Namba Kumi na Nne

Jumatatu asubuhi, baraza ya mahakama ya mwanzo pale Tukuyu hujaa kuliko soko. Wapo waliokuja kudai, wapo waliokuja kushuhudia, na wapo waliokimbia mvua tu. Siku hiyo mvua ilikuwa ya kukomoa. Tupokigwe alisimama katikati yao na sweta lake la kijani, kitenge cha njano kimelowa mpaka magotini, mkononi kashika kikaratasi chenye maneno matatu: barua, mwaka, namba. Karani wa masijala ndiye aliyemwandikia, baada ya kumuuliza maswali ambayo hakuwa na jibu hata la moja.

“Dada, hicho kikaratasi ukizidi kukitazama kitatoboka.”

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, lakini miguuni kavaa mabuti ya shambani yenye tope. Tupokigwe alikuwa na hasira, akajikuta anacheka.

“Na wewe juu bwana harusi, chini mkulima. Unakwenda wapi hivyo?”

“Hapo ng’ambo tu. Steshenari ile yenye bati jekundu ni yangu. Shati la wateja, mabuti ya njia.” Akapakata vizuri bahasha alizokuja kuzikabidhi mahakamani. “Naitwa Lugano. Unatafuta nini?”

Hakuwa na sababu ya kumwambia mtu asiyemjua, lakini akamwambia. Baba yake alifariki kule Suma yeye akiwa na miaka tisa. Baba mdogo akawa msimamizi wa mirathi, kisha kwa mila akamrithi na mama pia, kama anavyorithiwa ng’ombe. Miaka aliyoishi na mama si ya kusimulia barazani. Sasa baba mdogo naye amekufa, na wanawe wakubwa wanasema shamba la chai lilikuwa la baba yao. Mama anasema mahakama ililigawa kwake na kwa mtoto wake. Karatasi hana.

“Na namba ya shauri?”

“Mama hajui hata mwaka. Anasema ni baada ya ile mvua ya mawe iliyopukutisha chai.”

Mwingine angecheka. Lugano akakunja uso kama mtu aliyepewa fumbo zuri. “Basi tutafute mwaka wa mvua ya mawe. Majalada ya mahakama si siri, dada. Unamwandikia barua hakimu mfawidhi, unasema unataka kusoma nini na kwa nini, unalipia ada, unakaa mbele ya karani unasoma. Shida ni kulipata tu. Bila mwaka, karani atapekua rafu mpaka uzee.”

“Barua unachapa wewe?”

“Nachapa mimi. Na chai ipo, maana umelowa.”

Ndivyo walivyoanza. Msimulizi hana haja ya kuficha: ile barua ya mistari kumi ilichukua saa mbili kuchapwa, na umeme haukukatika hata mara moja.

Kuutafuta mwaka kulichukua wiki mbili. Tupokigwe alikuwa akiuza vitenge karibu na stendi, na kila mteja mzee aliyetoka Suma au Kinyala alimuuliza habari za mvua ya mawe. Jioni simu ingelia.

“Enhe, mpelelezi, leo umepata nini?”

“Bibi mmoja kasema ni mwaka ule ndizi zilipoanguka zote. Mwingine kasema ni mwaka aliopata meno ya bandia.”

“Huyo wa meno nipe namba yake, ana risiti.”

“Lugano, wewe!”

“Nini, mpenzi?”

Lugano akakohoa, kama mtu aliyeteleza na hataki kuinuka.

“Umesemaje?” Tupokigwe akauliza.

“Nimesema risiti.”

“Haya. Lala salama, risiti wangu.”

Mwaka wenyewe walikuja kuupata kwa Agness, binti wa jirani. Mama yake alimzaa siku ileile ya mawe, na kadi yake ya kliniki bado ilikuwepo: elfu mbili na nane. Tupokigwe alikimbia nayo hadi steshenari, akamkumbatia Lugano mbele ya wateja wawili na mashine ya kutolea kopi. Alikuwa anampenda, na hakujisumbua tena kukana. Mambo mawili tu yalimkereketa moyoni. Kila Jumamosi Lugano alikwenda kijijini kwao Masoko na hakueleza kufanya nini. Na mara nyingi simu yake ilipolia, kiooni lilitokea jina la Sekela, naye alitoka nje kuipokea.

Alhamisi iliyofuata, karani wa masijala, dada Suad, mama wa makamo aliyejitanda mtandio wa zambarau, aliweka mezani rejista ya mirathi. Ilikuwa kubwa kama mto wa kulalia, kitabu kimoja kilichobeba miaka mingi.

“Pitisha kidole taratibu,” akasema. “Jina la marehemu liko hapa, la mwombaji hapa.”

Kidole cha Tupokigwe kikashuka ukurasa kwa ukurasa, kikasimama. Mirathi namba sita ya mwaka 2009. Jina la baba yake, kwa wino wa bluu uliofifia. Akashika mdomo.

“Hongera,” Suad akasema, akainuka. “Nakuletea jalada. Kaa hapohapo.”

Angekaa tu akitazama ukuta, tusingekuwa na hadithi. Lakini Tupokigwe alikuwa na macho ya udadisi, na kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Akaendelea kufunua. 2012. 2016. 2019. Kidole kikagonga jina analolijua.

Mirathi namba kumi na nne. Marehemu: Jackson Mwasomola wa Masoko. Mwombaji: Lugano Mwasomola, mdogo wa marehemu. Warithi: Sekela, mjane, na watoto wawili.

Mdogo wa marehemu. Mjane. Jumamosi za Masoko. Hakuhitaji kufafanuliwa, alikulia ndani ya nyumba ya namna hiyo.

Jalada la baba yake likaja, akalisoma kwa macho yenye ukungu. Ndani mlikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, ukurasa mmoja: baba mdogo ateuliwe msimamizi, mjane abaki chini yake. Chini kabisa kulikuwa na alama ya dole gumba. Ya mama. Hakuna neno hata moja alilosema mama, kana kwamba hakuwepo. Lakini kwenye orodha ya mgawanyo ilikuwa wazi: shamba la chai, kwa mjane na mtoto. Suad akampigia mhuri nakala. Alikipata alichokijia, akatoka analia, na watu barazani wakadhani ameshindwa kesi.

Lugano alipiga simu mara sita kabla Tupokigwe hajaipokea.

“Tupo! Tumelipata? Suad kaniambia umeondoka bila—”

“Sekela ni nani?”

“Ni shemeji yangu.”

“Mjane wa kaka yako.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ndiye msimamizi.”

“Nilikuwa. Tupo, sikiliza—”

“Baba mdogo naye alimwambia mama nisikilize. Alisema atasimamia tu. Watoto wa Sekela wanakuitaje, Lugano?”

“Wananiita baba mdogo. Ndivyo nilivyo.”

“Basi nimeelewa.” Akakata.

Usiku huo ukaingia ujumbe mmoja tu. *Umesoma rejista, hujasoma jalada. Ni la wazi, hata kwako. Barua safari hii sikuandikii mimi.*

Alikasirika. Anajiona nani? Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Alipima vitenge vifupi, akarudisha chenji vibaya. Alipopeleka nakala Suma, mama yake aliugusa ule mhuri, akashukuru kwa “ndaga fijo” nyingi, kisha akauliza, “Na yule kijana wa karatasi yuko wapi? Mbona hujaja naye?”

“Ana mjane, mama. Amemrithi.”

“Amekwambia nani?”

“Nimesoma.”

Mama akaendelea kumenya ndizi. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kila neno alilitua taratibu. “Na huyo mjane, umemuuliza?”

“Nimuulize nini?”

“Mimi hakuna aliyeniuliza, gwe mwanangu. Walinishika kidole wakakigandamiza. Hata wewe unaniambia habari za mwanamke mwenzangu, na yeye hujamuuliza.”

Kesho yake Tupokigwe aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe, kwa hakimu mfawidhi. Penye sababu ya kutaka kusoma alikaa sana, akafuta mara mbili, mwisho akaandika ukweli: *Nataka kujua mwombaji ni mtu wa namna gani kabla sijaolewa naye au kumwacha.* Suad alipoisoma aliinua nyusi, akaipeleka ndani. Ikarudi imesainiwa.

Muhtasari wa kikao cha ukoo wa Mwasomola ulikuwa kurasa nne, mwandiko wa kulala wa mtu aliyetaka kuandika kila kitu.

*Mwenyekiti akamuuliza Lugano kama atamchukua mjane wa kaka yake. Lugano akajibu hatamchukua. Akaulizwa sababu. Akajibu sababu aulizwe Sekela. Wazee wakasema mwanamke hasemi kikaoni. Lugano akasema basi na yeye hatasaini, na mirathi ikae. Sekela akaruhusiwa kusema.*

Tupokigwe akafunua ukurasa. Ulikuwa wote wa Sekela.

*Sekela akasema, mume wangu nilimpenda, sitaki mwingine wa kupewa. Akasema, nataka kukaa nyumbani kwangu na wanangu, na kahawa tuliyopanda naomba niichume mwenyewe. Akasema, shemeji abaki shemeji, anisaidie kulea, basi.*

Kisha maazimio, mistari miwili. *Lugano awe msimamizi. Kwa kuwa amewadharau wazee, Lugano asiitwe tena kwenye shughuli yoyote ya ukoo huu.*

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mgawanyo. Nyumba, kahawa na migomba kwa Sekela na watoto. Mbele ya jina la msimamizi kuliandikwa: hakuna. Shauri limefungwa, Machi 2020.

“Dada, usilowanishe jalada,” Suad akasema kwa upole, akamsogezea ncha ya mtandio wake.

Tupokigwe alivuka barabara bila kukwepa tope. Steshenari haikuwa na mteja. Lugano alimwona, akajifanya anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

“Karibu, dada. Kuchapa au kopi?”

“Kuchapa. Barua.”

“Kwa nani?”

“Kwa mama yangu, Suma.”

“Mama yako si umpigie simu?”

“Hii haipigiwi simu. Andika: YAH: POSA.”

Vidole vikasimama juu ya vitufe. Lugano akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

“Umelisoma.”

“Lote. Mbona hukuniambia?”

“Ningeanza vipi? Mwanamume akijisimulia mwenyewe huwa malaika. Baba yako mdogo naye nadhani alijisimulia vizuri tu. Na mambo ya Sekela ni ya Sekela, si ya kuyauza nipendwe.”

“Na Jumamosi?”

“Wanangu wale nawafundisha hesabu. Na mkubwa anasumbua shuleni, ndiyo maana mama yake anapiga kila mara.”

“Nilikosea, Lugano. Niliona jina, nikaona nyumba ya mama yangu. Nisamehe.”

“Wiki tatu, Tupo. Nimechapa barua za watu, nimekosea mpaka majina ya waombaji. Suad alinirudishia tano.”

“Basi hii usiikosee.”

Akacheka, akafuta macho kwa mkono wa lile shati jeupe. Halafu uso ukarudi chini. “Barua ya posa hutoka upande wa mwanamume. Wazee wa ukoo wanasaini. Wangu si umesoma walivyoazimia? Hata wakinikuta njiani wanapita kando. Mama yako atapokea barua isiyo na mzee?”

“Nimelifikiria hilo nikivuka barabara,” Tupokigwe akasema. Akaisukuma simu yake juu ya kaunta, ikamfikia. “Mpigie Sekela.”

“Sekela?”

“Nani mwingine kwenye ukoo wako anakujua wewe ni nani? Asaini yeye. Mama yangu saini hiyo ataielewa kuliko ya mzee yeyote.”

Lugano akapiga, akaweka sauti ya nje. Kule Masoko kuku walisikika, na sauti ya mwanamke mwenye haraka ikasalimu. “Shemeji, mugonile? Mtoto amefanya nini tena?”

“Hajafanya kitu, shemeji. Ni mimi. Nataka kuposa. Kuna barua, inatakiwa mzee wa ukoo wetu asaini. Tunaomba usaini wewe.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Sekela alipoongea tena, sauti ilikuwa imebadilika. “Na huyo binti ameulizwa?”

Lugano akamtazama Tupokigwe. “Bado.”

“Hujamuuliza, na unaniletea karatasi! Muulize sasa hivi, nasikia. Asiposema kwa mdomo wake mimi sisaini.”

Lugano akasimama nyuma ya kaunta yake, akanyoosha kola, akasafisha koo. “Tupokigwe. Unataka kuolewa na mimi?”

“Nataka,” akasema, kwa sauti ya kufika Masoko bila simu.

Vigelegele vya Sekela vikapasua spika, watu wa barazani mahakamani wakageuka kutazama ng’ambo ya barabara.