Jaji Aliyeitika Abee

Ummi alikuwa akichoka hata kabla jua halijachomoza. Kwao Timbwani, mtaa wa Likoni, maji ya bomba huja alfajiri, tena kwa kujivutavuta, na asiyewahi foleni huishia kutazama madumu ya wenzake yakijaa. Kwa hiyo kila siku mama yake, Bi Mwanakheri, alimwita kutoka jikoni, "Ummi!" naye akaitika, "Abee, mama!" macho yangali yamefumba. Miguu ilikwenda uani yenyewe, ikamfikisha bombani, na usingizi ukamtoka pale maji baridi yalipomrukia magotini.

Wengine mtasema hiyo ni kazi ndogo. Haya, semeni. Kisha mwongezeeni Anwar, mdogo wake aliyekuwa akiota meno na kulia usiku kucha. Mwongezeeni na mama anayefua mashuka hotelini Shanzu, ambaye ni lazima avuke feri mapema asije akafungiwa geti. Baba yao ni dereva wa malori ya mbali, na wiki hiyo alikuwa Malaba, mpakani. Mchana Anwar hushinda kwa jirani, lakini usiku kulea ni Ummi, maji ni Ummi, na shuleni Gredi ya Saba anatakiwa Ummi yuleyule.

Wiki hiyo darasa zima lilikuwa hoi, na waliolichosha ni marais wa Marekani. Mwalimu Ziro wa Masomo ya Jamii alikuwa ameandika swali ubaoni: katika miaka mia iliyopita, ni rais yupi wa Marekani aliyekuwa bora kuliko wote? Mshindi wa mdahalo ndiye angewakilisha shule kwenye mashindano huko Shanzu.

"Mwalimu, kwani marais wetu wameisha?" aliuliza Quinter, msichana anayekaa dawati moja na Ummi, na nyumbani pia ni jirani yake ukuta kwa ukuta.

"Wapo tele," alijibu Mwalimu Ziro huku akijifuta jasho. "Lakini nikiwapa wetu mtapigana humu ndani, na kesho wazazi wenu watakuja kupigana ofisini. Hawa wa Marekani hawana shangazi Likoni."

Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Kennedy alitajwa, akaachwa. Carter alitajwa, akaachwa. Mwishowe wakabaki wawili. Obama alitetewa na Quinter, na Roosevelt, yule aliyetawala wakati wa vita vya pili vya dunia, alitetewa na Griffin, mvulana mgeni aliyehamia kutoka Kakamega. Griffin hakuwa msemaji. Kila alipofungua mdomo wenzake walimcheka matamshi, kwa hiyo alikuwa amezoea kunyamaza. Safari hii alikuwa akikaa maktabani kila saa ya mapumziko akijiandaa, na kila mtu alimwona.

Jaji akachaguliwa Ummi. "Huyu hana upande," walisema, kwa kuwa wiki nzima hakumtetea rais yeyote. Kweli hakuwa na upande. Alikuwa na usingizi tu.

Mdahalo ulifanyika mchana baada ya chakula, umeme umepotea na pangaboi limesimama. Quinter alianza. Alisema Obama ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa rais wa Marekani, na aliwapatia bima ya afya watu wengi waliokuwa hawana. "Tena babake alitoka Siaya, na sisi kwetu ni Siaya!" alimaliza kwa kelele. "Sasa mtu wa nyumbani akishindwa, nitasema nini kwa nyanya yangu?" Darasa likapiga makofi na kugonga madawati.

Griffin akasimama. Alianza polepole, kwa sauti ya chini. Ummi alimsikia akisema kwamba Roosevelt aliugua, miguu ikapooza, na bado akachaguliwa kuwa rais mara nne. Alisikia habari za njaa na mabenki kufungwa. Akaegemeza kipaji cha uso kwenye kiganja, kama mtu anayefikiri sana. Baada ya hapo hakusikia kitu.

"...ndiyo maana nakuomba uamue kwa haki, jaji. Jaji?" Griffin aliita. "Ummi!"

"Abee!" Ummi aliruka kitini.

Darasa likaangua kicheko. Jaji kumwitikia mwanafunzi mwenzake abee! "Hiyo sasa ndiyo adabu!" mmoja alipayuka. Hata Griffin alitabasamu, akadhani ameheshimiwa. Ummi naye akacheka, kwa sababu aliona hakuna aliyemgundua.

"Haya, uamuzi," alisema Mwalimu Ziro.

Angesema palepale kwamba amesinzia, mambo yangeishia hapo. Aliona haya. Akakohoa, akaazima maneno aliyowahi kuyasikia kwa majaji wengine. "Mshindi ni Quinter. Griffin amemsifu mtu wake tu. Hakutaja kosa lake hata moja."

Kicheko kikakatika. Wanafunzi wakatazamana. Griffin akaikunja karatasi yake ya hoja mpaka ikawa ndogo kama pipi.

"Una hakika, jaji?" aliuliza Mwalimu Ziro.

"Nina hakika, Mwalimu."

"Basi. Jina nitalipeleka ofisini kesho," alisema Mwalimu, akachukua madaftari yake ya kusahihisha na kutoka. Quinter alimkumbatia Ummi kwa furaha. Ummi aliitazama ile karatasi ikiingia mfukoni mwa Griffin.

Jioni, mama yake alipokuwa akimvua Anwar nguo amwogeshe, Ummi alimsimulia kicheko cha darasani. Alidhani akiligeuza jambo lile mzaha litamtoka rohoni. "Mama, leo wamenicheka! Griffin kaniita, nami nikamwitikia abee."

Bi Mwanakheri hakucheka. "Griffin ni mkubwa wako?"

"Hapana, ni rika langu."

"Tangu lini ukamwitikia mtoto mwenzio abee? Wenzio wakikuita unawajibu 'nini?' na mdomo umeubetua. Abee yako naijua mimi, Ummi. Ni ile ya alfajiri, nikikuita hujaamka bado. Ulilala?"

"Wallahi, mama..."

"Usiape."

Ummi akakiacha kiapo. Kisha machozi yakamtoka, akasema yote: usingizi, uamuzi, na karatasi ya Griffin iliyokunjwa. Mama yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Anwar mapajani.

"Kukuchosha nimekuchosha mimi," alisema. "Hilo ni langu, na linaniuma. Lakini huyo mtoto wa watu amekukosea nini?"

"Nikisema kweli, Quinter atanichukia."

"Huenda."

"Na wote watanicheka."

"Watacheka, ndiyo. Halafu watachoka, kama tulivyochoka sisi. Lakini Griffin ukimwacha hivyo hatasimama tena kusema mbele za watu."

Asubuhi, kabla Mwalimu Ziro hajaketi, Ummi alikwenda mbele. "Jana nilisinzia Griffin alipokuwa akisema. Sikumsikia. Nikadanganya kwamba nimemsikia. Griffin, nisamehe. Kama utakubali, naomba useme tena."

Walicheka, kama mama alivyosema. Quinter hakucheka. "Ummi! Umeshaamua!" alilia. "Unaninyang'anya Shanzu!"

"Mimi nimechoka kusema," alijibu Griffin. Lakini akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu, akaenda mbele. Safari hii Ummi alikataa kiti. Alisimama wima muda wote, asije akasinzia tena.

Akasikia yote, hata lile kosa alilodai jana kwamba halikutajwa. Alisikia kwamba Roosevelt aliwatafutia kazi watu waliokuwa hawana, na wazee wakawekewa malipo ya uzeeni. Alisikia pia kwamba wakati wa vita aliamuru Wamarekani wenye asili ya Kijapani wahamishwe makwao, wakafungiwa kambini, watoto kwa wazee, bila ya hatia. "Hilo lilikuwa kosa kubwa," alisema Griffin, "na mimi ninayemtetea siwezi kulificha. Mtu anaweza kuwa bora, na bado akawa amedhulumu." Hakuna aliyecheka matamshi yake.

Ummi akamgeukia mwenzake wa dawati. "Quinter, umesema vizuri, lakini umemchagua Obama kwa kuwa ni wa kwenu, na makosa yake hukuyatafuta. Griffin ameyatafuta ya mtu wake, akayasema. Mshindi ni Griffin."

Quinter akalaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu Ziro alisimama, naye akionekana hajalala vizuri.

"Jana nilimwona jaji akisinzia," alisema. "Nilingoja aseme mwenyewe, na kwa kweli nami nilikuwa nimechoka. Nilikosea kungoja. Wanangu, kuchoka si kosa. Ukichoka sema, tutakupumzisha. Lakini usimhukumu mtu ambaye hukumsikiliza, awe rais wa Marekani au jirani yako wa dawati. Na ukishakosea, fanya kama Ummi, rudi ukatengeneze."

Quinter hakumsemesha Ummi siku hiyo, wala iliyofuata. Jumamosi alfajiri sauti ilitoka jikoni kama kawaida.

"Ummi!"

"Abee, mama!" Miguu ilikwisha kugusa sakafu.

"Lala, mwanangu. Nimezungumza na mama Quinter, tutachukua maji kwa zamu. Leo ni zamu yao."

Ummi akasikiliza. Uani, dumu lililojaa lilitua chini kwa kishindo, na sauti anayoijua ikanung'unika, "Mwambie jaji kesho ni yeye. Na asisinzie bombani!"

Ummi akacheka peke yake gizani, akajifunika shuka, akalala.